Kilo Nane kwa Kila Gurudumu

Baba yangu hupima magurudumu kwa mizani ya kupimia watu, ile bapa ya bafuni ambayo mtu huipanda kwa miguu miwili akashuka na majuto. Zamani ilikuwa ya Mama. Siku moja aliipanda, akaitazama namba, akasema kifaa kimeharibika na hataki kukiona tena ndani ya nyumba yake. Baba akakibeba hadi gereji. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili kiko pale, na ndicho kilichompa jina. Mtaa mzima unamwita Fundi Mizani, na nadhani wengine hawajui kama ana jina jingine.

Utaratibu wake hauna mjadala. Asubuhi, kabla ya chai, anajipima mwenyewe na kuandika uzito wake ukutani kwa chaki. Kisha kila gurudumu linaloingia, hata kama mwenyewe amekuja kuziba pancha tu na ana haraka zake, Baba analikumbatia kifuani, anapanda nalo mizani, na mimi nachuchumaa kusoma namba maana yeye haoni miguu yake. Anatoa uzito wake, kinachobaki anakiandika ubavuni mwa tairi. Wateja wapya humwona mzee amekumbatia tairi, binti yake amepiga magoti mbele yake, wakadhani wamekosea mlango.

Mimi ndiye binti yake mkubwa, na mashine ya kubalansi ni yangu. Baba ana subira, mimi sina. Akija mtu na rimu za inchi kumi na tisa anataka zifungwe kwenye kigari kilichotoka kiwandani na inchi kumi na nne, mimi humwambia apeleke mbwembwe zake mbele. Baba humwita akae, akampa nyundo.

"Ishike karibu na kichwa, uizungushe," humwambia. "Haya, sasa ishike mwisho wa mpini, uizungushe tena. Umeonaje?"

"Nzito."

"Nyundo si ileile? Basi ndiyo rimu yako hiyo. Inapeleka chuma mbali na katikati. Injini itahangaika kuizungusha, breki zitahangaika kuisimamisha, na wewe utahangaika na mafuta."

Halafu huja somo la pili, ambalo ninalijua kama ninavyojua njia ya nyumbani. Kwenye gari kila kitu kimekaa juu ya springi: injini, viti, abiria na mizigo yao. Gurudumu liko chini. Likiingia shimoni, springi ndiyo yenye kazi ya kulituliza. Likiwa jepesi linatulia upesi. Likiwa zito linaipiga springi, springi inapiga bodi, na bodi inampiga aliyekaa. Na ukivaa rimu kubwa lazima tairi liwe na ubavu mwembamba ili lienee, kwa hiyo hata ule upepo wa kulainisha pigo unakuwa kiduchu. Nusu ya wateja humsikiliza. Nusu nyingine humshukuru sana na kwenda kwa fundi mwingine.

Sasa mtu mwenye mahubiri haya, kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, alikuwa anaendesha gari lenye rimu za inchi kumi na nane. Wateja walimtania mpaka wakachoka. "Fundi, sisi unatuhubiria, wewe mwenyewe unatembelea masinia!" Baba alicheka nao. "Hayo ni ya mwanangu," alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Mwanawe huyo ndiye mdogo wangu, kitinda mimba wetu, fundi umeme katika kiwanda cha saruji kilicho safari ya saa tano kutoka kwetu. Alipomaliza mwaka wake wa kwanza kazini alikuja nyumbani na kigari kidogo cha mkono wa pili, zawadi ya wazazi. Alimfumba Baba macho kwa viganja vyake, akamwongoza hadi uani akimkanyaga visigino. Alipoyafumbua, Baba aliliona gari, akaona na rimu: nyeusi, kingo zinang'aa, kubwa kiasi kwamba kigari kilionekana kimevaa viatu vya kaka yake. Mimi ninaujua uso wa baba yangu. Niliona kuna kitu amekimeza.

"Mwanangu," alisema, "sina la kusema."

Mdogo wangu alilizunguka gari mara nne, anacheka peke yake. Magurudumu ya asili, inchi kumi na tano, yalikuwa yamejazana kwenye buti. "Hayo ya kutupa, Baba," alisema. Baba hakuyatupa. Aliyaweka gereji, akayafunika kwa vipande vya mbao, yakawa viti vya wateja. Na tangu siku ile, kila Ijumaa alasiri, alichuchumaa uani akizisugua zile rimu kwa mswaki. Alizifanyia kila kitu isipokuwa kuzipima. Sikumuuliza kwa nini, maana nilijua. Angezipima ingebidi aandike namba, na angeiandika namba ingebidi aseme.

Mama ni fundi wa nguo. Yeye na Baba wote wanaitana "Fundi" tangu wachumbiane, na ukiwa mgeni pale nyumbani unaweza kukaa siku nzima hujui nani anamwita nani. Miaka arobaini ya kuinamia cherehani ilimla mgongo. Daktari alimwonyesha picha yake, akamwambia pingili mbili za chini zimechakaa, ajiepushe na vishindo. Mama alimwuliza kama kuzaa watoto wenye vichwa vigumu nako kunahesabiwa.

Ana dada mmoja tu duniani. Mama Mkubwa anakaa juu mlimani, mwendo wa saa moja na nusu. Lami inaishia kwenye machimbo ya kokoto, halafu ni mawe na mashimo hadi mlangoni kwake. Magoti yake hayamruhusu tena kushuka, kwa hiyo Mama ndiye aliyepanda, kila mwezi, miaka nenda miaka rudi. Simu haiwafai. Masikio ya Mama Mkubwa hayapatani na simu, huishika kichwa chini miguu juu, hupiga kelele "Nani? Nani?" kisha hukata kwa hasira. Ili wale wawili waongee, lazima wakae kitanda kimoja, mdomo kwenye sikio.

Mara ya kwanza kwenda huko na gari jipya, mimi nilikaa nyuma. Tulipoyapita machimbo, kila shimo lilipanda moja kwa moja hadi kwenye kiti. Nilimwona Mama ameshika kile kishikio cha juu ya dirisha, vidole vimekuwa vyeupe. Baba akamwuliza, "Fundi, vipi?"

"Gari zuri hili," Mama akajibu, jasho linamtoka kwenye paji la uso. "Limetulia kweli."

Alilala chali siku tatu baada ya safari hiyo. Mwezi uliofuata alikuwa na mafua. Uliofuata alikuwa na sare za shule za kushona. Kisha ikaja mvua, kisha mgeni, kisha mafua yakarudi. Nilimwambia akodi gari jingine. Aliniangalia kama nimemtukana. "Gari la mwanangu liko uani, mimi nionekane nimepanda la mtu? Akisikia?"

"Basi nimwambie kwamba zile rimu zinakuumiza."

"Ukimwambia," alisema, "mimi na wewe basi."

Nikaenda kwa Baba. Alikuwa anapanga spana zake, hakuinua kichwa. "Mama yako hajalalamika," alisema. Nilitoka pale nimefura. Huyu anamficha yule, yule anamficha huyu, wote wawili wanamficha mtoto aliye mbali, na mimi katikati nimepewa kazi ya kufunga mdomo, kazi ambayo sijawahi kuiweza. Ikapita miezi kumi na minne.

Jumanne moja mwalimu mmoja, jirani wa Mama Mkubwa, alileta baiskeli yake kuziba pancha. Mama alikuwa pale, ametuletea chakula cha mchana.

"Dada yako amenituma," mwalimu akamwambia. "Anauliza amekukosea nini."

Mama akasimama na sufuria mkononi. "Amesema hivyo?"

"Amesema kama ni kwa ajili ya kile kitambaa, anaomba radhi. Anasema yeye hakujua kama ulikuwa unakitaka."

"Kitambaa gani?" Mama alitugeukia sisi, kana kwamba sisi tulikuwepo. "Kitambaa gani jamani? Mimi hata sikikumbuki!"

Akakaa kwenye gurudumu mojawapo lenye ubao, akaanza kulia. Mama si mtu wa machozi ya hadharani. Alilia huku ameshika sufuria kwa mikono miwili, akisema dada yake amekaa peke yake mwaka mzima anatafuta kosa, mpaka amelifukua la utotoni. Mwalimu akajuta kusema. Mimi nilitamani kuvunja kitu. Baba alikuwa amesimama na tairi la mteja kifuani, hajalipima wala hajaliweka chini.

Mama alipoondoka, Baba alilipiga jeki gari lake mwenyewe. Akafungua gurudumu moja la mbele, akalikumbatia, akapanda mizani kwa taabu, maana ana miaka sitini na sita.

"Soma."

"Themanini na nane."

Ukutani asubuhi ile kulikuwa na sitini na nne. Akaandika 24 kwenye tairi. Kisha akaondoa ubao kwenye kile kiti alichokuwa amekaa Mama, akalikumbatia gurudumu la asili na tairi lake kuukuu.

"Themanini," nikasoma.

Akaandika 16. Akayasimamisha yote mawili ukutani, akayatazama kwa muda. "Kilo nane kila moja. Mara nne."

"Thelathini na mbili."

"Mtoto wa miaka kumi," Baba akasema. "Nimechukua mtoto wa miaka kumi nikamweka chini ya springi, awe anamrukia mama yako mgongoni."

Hakuishia hapo, kwa sababu yeye kitu ambacho hajakipima hakiamini hadi mwisho. Alirudisha gurudumu, akachukua kikombe cha bati, akakiweka ndani ya bakuli, akajaza maji kikombe hadi ukingoni. Akaviweka kwenye kiti cha abiria mbele, kiti cha Mama. Mimi nikakaa nyuma kushika bakuli lisihame. Tukaenda kutoka gereji hadi kwenye tangi la maji na kurudi, ile njia yenye matuta ya mawe, mshale wa spidi umekaa kwenye ishirini. Tuliporudi nusu ya maji ilikuwa kwenye bakuli. Baba alikaa na bakuli mapajani, maji yanammwagikia magotini.

"Nilijua," akasema. "Siku ya kwanza nilijua. Nilimpenda mtoto, nikamwacha mama yake aumie."

Hasira yangu yote ya miezi ile ilikuwa inangoja siku atakayokiri, na alipokiri niliona tu mzee aliyelowa magoti.

Mpango alioutoa ulikuwa wa kipuuzi. Jumamosi tungefunga magurudumu ya asili, yenye matairi mapya, tungempandisha Mama kwa dada yake, na kila mdogo wangu akitaka kuja tungezirudisha rimu zake kabla hajafika. Nikamwambia tunataka kuwa wezi wa gari letu wenyewe. Akaniapisha nisimwambie mdogo wangu hata neno moja kuhusu rimu. Nikaapa, na kiapo changu nilikitimiza. Alhamisi nilimpigia simu mdogo wangu, nikamwambia aje Jumamosi asubuhi.

"Kuna nini?"

"Hakuna msiba. Njoo tu."

"Dada, unanitisha."

"Vizuri. Njoo."

Ijumaa Baba alinunua matairi manne yenye ubavu mnene. Aliyazungushia kamba, akailinganisha na kamba ya yale makubwa, apate mzunguko uleule ili mshale wa spidi usitudanganye njiani. Mimi nikayabalansi, nikigongea vipande vya risasi vya kusawazisha uzito na kuyazungusha tena na tena hadi mashine ikaonyesha sifuri kwa yote manne. Siku hiyo Baba hakuzisugua rimu kwa mswaki. Nadhani alikuwa anaziaga.

Jumamosi Mama alikaa kwenye kiti chini ya ukuta wa gereji, amevaa gauni alilojishonea, na mapajani ana bahasha ya karatasi. Ndani yake mlikuwa na kitambaa, mita nne, rangi ya buluu iliyokolea. Alikuwa amezunguka maduka mawili siku nzima, na ule mgongo, akikitafuta. "Sijui kile kingine kilikuwa cha rangi gani," aliniambia. "Hiki atakipenda."

Tulikuwa tumeshafunga matatu. Nilikuwa nafanya kazi polepole kwa makusudi, naangusha spana, nakwenda kunywa maji. Baba alikuwa ameshika la nne mikononi, gari limeinama kwenye jeki, mdogo wangu alipotokea getini na begi begani, anahema.

Alitutazama sisi, akalitazama gari. Zile rimu zake tatu zilikuwa zimelala chini mchangani.

"Hayo mliyofunga si yale ya kutupa?" akauliza.

"Hizi zako tunazisafisha tu," Baba akasema.

Na matatu yameshafungwa! Nikacheka, kicheko cha woga, nikajiziba mdomo. Mdogo wangu hakucheka. Aliweka begi chini. Midomo ilikuwa inamcheza vilevile alivyokuwa mdogo akinyimwa kitu.

"Baba, hukuzipenda."

"Mwanangu, nani alikuambia mimi nazipenda rimu kubwa?"

"Wewe! Mimi niko darasa la tatu, lilikuja gari moja jekundu hapa, lina rimu kama hizi. Ulichuchumaa mbele yake mchana kutwa. Ukawa unaipapasa rimu kwa kidole, taratibu, hivi. Nilikuita mara mbili hukunisikia. Sijawahi kukuona unakiangalia kitu hivyo. Nikasema, nikiwa mkubwa nitamnunulia."

Baba alikuwa bado amekumbatia gurudumu. Alifikiri, akarudi nyuma miaka yote ile kulitafuta gari jekundu, nikaona amelipata.

"Ilikuwa na ufa," akasema kwa sauti ndogo. "Ufa mwembamba kama unywele. Nilikuwa naufuata kwa kidole, nisiupoteze."

"Ufa?"

"Ufa, mwanangu."

Mimi niliinama nikajifanya natafuta nati. Muda wote ule niliapa rohoni kwamba rimu zile ni mbwembwe za mtu aliyeonja mshahara, anataka majirani wageuze shingo. Kumbe ni mtoto wa miaka tisa aliyekaa na ahadi yake miaka kumi na minane asimwambie mtu. Niliona aibu, aibu ya kweli, na sikuwa na wa kumfokea.

Ndipo Mama akasema kutoka pale kwenye kiti. Hakuinua sauti.

"Mwanangu, zinaniumiza mgongo."

Mdogo wangu akageuka. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mama! Si ungesema?"

"Ulilizunguka gari mara nne unacheka," Mama akasema. "Ningesemaje?"

Mdogo wangu alimwendea, akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani pake juu ya ile bahasha, jitu zima la kiwandani. Mama akampangusa vumbi la safari kichwani, akamwambia asiikunje karatasi. Kisha mdogo wangu akainuka, akaenda kwa Baba, akalichukua gurudumu mikononi mwake. Akalipachika, akashika spana.

"Nati zinakazwa kwa kuvuka upande wa pili," Baba akamwambia, "usizifuate kwa—"

"Kwa kuzunguka. Najua, Baba. Ulinifundisha wewe."

Walikwenda wao wawili hadi kwenye tangi la maji na kikombe chao, mdogo wangu kwenye usukani, Baba nyuma ameshika bakuli. Mimi na Mama tulibaki tunatazama njia. Waliporudi mdogo wangu alishuka amebeba bakuli kwa mikono miwili, akaja kulionyesha kwa Mama. Ndani mlikuwa na maji ya kijiko kimoja tu.

Tuliondoka saa nne asubuhi. Mdogo wangu aliendesha, Mama mbele, kiti kimelazwa kidogo, mimi na Baba nyuma. Baba alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza magurudumu, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Kwenye ule mwinuko wa kwanza, ambapo kigari kilikuwa kinagumia hadi unakionea huruma, safari hii kilipanda kwa gia ya pili bila kinyongo. "Kimetua mzigo," Baba akasema, hakumwambia mtu.

Tukayapita machimbo, lami ikaisha. Mashimo yalikuwa palepale yalipokuwa. Gari liliyaingia na kutoka, ukayasikia chini huko, yanaishia chini huko. Mimi nilikuwa natazama kishikio cha juu ya dirisha. Kilining'inia chenyewe, hakuna mkono. Lakini Mama hakusema neno, na kimya cha Mama tulishakifahamu.

"Fundi," akaita, "vipi?"

Mama hakujibu. Baba akanigeukia, macho yamemtoka. Najua alichofikiri, maana na mimi nilikifikiri: anavumilia tena. Tumeyabadilisha yote, na bado anavumilia. Hakuita mara ya pili. Mdogo wangu akapunguza mwendo, akawa anayaepa hata mawe ya ukubwa wa yai. Tulikwenda hivyo dakika ishirini, hakuna anayethubutu kuuliza.

Gari halijasimama vizuri mbele ya nyumba ya Mama Mkubwa, Baba alikuwa ameshatoka. Alizunguka, akafungua mlango wa Mama, mkono tayari wa kumshika. Akabaki hapo na mkono wake hewani.

Mama alikuwa amelala. Si usingizi wa kusinzia. Alilala mdomo wazi, shingo imelegea, viganja vyake viko juu ya bahasha ya kitambaa. Usiku nyumbani Mama hulala vipande vipande, huamka kugeuka, huamka kukaa. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilimwona amelala hivyo. Baba aliufunga mlango taratibu bila kuuachia ugonge, akaegemea gari, akaweka kiganja usoni. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Mdogo wangu alitoka akaja kusimama karibu naye, mabega yao yakagusana.

Mama Mkubwa alikuwa ameshafika mlangoni na fimbo yake. Kwa sababu ya masikio yake huongea kwa kupiga kelele, akikusalimia unasalimiwa wewe na kijiji kizima. Nilimkimbilia kabla hajafungua kinywa.

"Shikamoo Mama Mkubwa," nikamwambia sikioni. "Amelala. Safari imemlaza."

Alinitazama, akashuka zile ngazi mbili moja moja, akaja hadi dirishani. Alimwangalia mdogo wake kwa muda mrefu. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikamsikia Mama Mkubwa ananong'ona.

"Hana kinyongo?"

Baba akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye bahasha, ambayo mdomo wake ulikuwa umefunguka, buluu inachungulia.

"Mjinga huyu," Mama Mkubwa akanong'ona. "Ameleta kitambaa."

Nilitaka kumwamsha Mama, nikamwambia Mama Mkubwa kwamba amemngoja miezi kumi na minne. Akanipiga mkono kwa fimbo, kidogo tu. "Miezi haikunishinda, dakika ndizo zitanishinda?" Akazunguka upande wa usukani, magoti yanalia, mdogo wangu akamshika kiwiko akaingia. Alikaa pale kwenye kiti cha dereva, asiyejua hata gia iko wapi, akautoa mkono mmoja wa Mama juu ya bahasha, akaushika mapajani pake.

Mama alilala dakika arobaini. Sisi watatu tulikaa kwenye ngazi. Alipofumbua macho, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa uso wa dada yake.

"Tumefika saa ngapi?" akauliza.

"Sasa hivi," Mama Mkubwa akasema, na mguu wake ulikuwa umeshakufa ganzi. "Sasa hivi tu, mdogo wangu."